Baba wa Meme Rauna kwa Wiki Moja

Sakeus Iipinge hakuwahi kumwibia mtu kwa nguvu. Jambo hilo alilisema kwa fahari, kama wengine wanavyosema hawajawahi kuvuta sigara. Yeye alikaa tu karibu na watu, akasikiliza, na watu wenyewe wakamwambia walichokuwa tayari kuibiwa.

Mahali pake pa kusikilizia palikuwa kwenye majiko ya kapana, soko la Single Quarters, mtaa wa Katutura. Mtu anayekula nyama choma amesimama, akiichovya kwenye pilipili iliyomwagwa juu ya gazeti, hana siri. Vidole vina mafuta, mdomo umejaa, moyo uko wazi kama duka siku ya mshahara.

Siku hizo jiji la Windhoek lilikuwa limeanza kumbana. Mitaa mitatu hakuweza tena kuipita kwa miguu, na wa nne aliupita akiwa ameshusha kofia hadi puani. Ijumaa iliyokuwa inakuja palikuwa na basi la Cape Town, na kiti cha dirishani kilikuwa chake. Alichokosa ni mtaji wa kufikia nao, maana mjanja asiye na mtaji ni mtu mwenye njaa anayeongea sana.

Basi Jumamosi hiyo, upande wa pili wa jiko, wanawake watatu wenye mvi walikuwa wanakula kwa hasira.

"Yule kijana wa ofisi ya safari ameniuliza umri," alisema mwembamba, aliyebandika saa ya wauguzi kifuani kana kwamba bado yuko wodini. "Nikamwambia sitini na tisa. Akafunga kompyuta."

"Akaifunga kabisa?"

"Taratibu, kama anafunika maiti."

"Mimi alinipa karatasi ya safari ya basi," alisema wa pili, mnene, mwenye daftari kwapani. "Basi lenye choo. Bahari unaiangalia dirishani, saa saba mnarudishwa hotelini kula keki."

"Nani ametaja keki?" alisema yule mwembamba. "Mimi nataka kutembea. Pwani ya Mifupa, kwa miguu, wiki nzima, nalala kwenye hema. Pesa ninayo. Miguu ninayo. Nimekosa nini?"

Sakeus aliacha kutafuna. Pesa wanayo, na kila mtu amewakataa. Akajifuta vidole, akavua kofia, akauvaa uso wake wa Jumapili.

"Kina Meme, mnisamehe kwa kusikia," alisema, akitumia neno ambalo kwao ni mama na heshima kwa pamoja. "Ni Mungu tu amenileta kwenye jiko hili. Pwani ile ndiyo kazi yangu. Miaka kumi na mmoja naongoza watu kule. Naitwa Vilho. Vilho Amukwaya."

Jina hilo alilitunga palepale. Lilikuwa na harufu ya shemasi mstaafu, na Sakeus alilipenda kwa sababu hiyo.

Yule mwembamba aliangusha kipande chake cha nyama.

"Unaitwa nani?"

"Vilho Amukwaya, Meme."

Mwanamke akamtazama, akakitazama na kidoti kidogo chini ya jicho lake la kushoto. Kisha, mbele ya majiko, wachinjaji na mbwa, akapiga goti.

"Tate," akasema. "Baba yangu."

Kwa watu wa kaskazini jina halifi. Aliyebeba jina la baba yako ni baba yako, awe mzee wa fimbo au mtoto anayenyonya, na atapewa heshima ile ile. Sakeus hilo alilijua. Kwa kawaida mjanja hutumia wiki tatu kumfanya mtu amwamini kama ndugu. Yeye alikuwa amepata binti wa miaka sitini na tisa kabla nyama haijapoa.

"Simama, mwanangu," akasema, na sauti yake mwenyewe ikamsisimua.

Binti huyo aliitwa Meme Rauna Shivute, muuguzi mstaafu. Mwenye daftari alikuwa Meme Saima, aliyekuwa mkaguzi wa shule, na wa tatu Meme Kaino, mjane aliyezungumza kidogo na kucheka sana.

Kikao cha kupanga safari kilifanyika siku ya pili yake, sebuleni kwa Meme Saima. Kilifunguliwa kwa sala, ambayo aliombwa aiongoze baba. Kisha ikaja ajenda ya kwanza, na ajenda ya kwanza ilikuwa kupitisha ajenda.

"Maji," alisema Meme Saima, kalamu juu. "Lita ngapi kwa mtu kwa siku?"

Sakeus, ambaye maisha yake yote hakuwahi kukaa hatua mia kutoka kwenye bomba, alisema, "Mbili."

Kalamu haikushuka. "Mbili?"

"Mbili asubuhi," aliongeza. "Mbili mchana. Jioni inategemea."

"Inategemea nini?"

"Kiu."

Meme Kaino akacheka mpaka akashika kiti.

"Nguo?"

"Nyepesi tu. Jangwa ni joto."

"Pwani ile ina ukungu mpaka saa nne," alisema Meme Rauna kwa upole, "na upepo wa baharini unakata masikio. Unatupima akili, Tate."

"Nawapima," alisema Sakeus.

"Andika: masweta."

Wakatandaza ramani mezani. Siku ya kwanza gari hadi Henties Bay. Kesho yake wapite kwa sili wa Cape Cross, ambao harufu yao huwapokea wageni mapema kuliko wao wenyewe, halafu mlango wa hifadhi, ule wenye picha ya fuvu. Kutoka pale, siku nne kwa miguu ufukweni. Meme Saima, ambaye goti lake lilikuwa limestaafu kabla yake, angeendesha gari kwenye barabara ya chumvi iliyoshindiliwa na kuwangoja kila jioni na mahema. Mwisho wa safari ulikuwa msalaba mdogo wa penseli.

"Hapa palikuwa na kazi ya chumvi," alisema Meme Rauna. "Baba alichukuliwa kwa mkataba, akakaa miezi kumi na minane. Aliporudi aliniambia bahari inapumua. Nikacheka. Akasema, siku moja nitakupeleka ukasikilize. Halafu mkataba mwingine ukampeleka mgodini, na mgodi haukumrudisha. Nataka kufika kabla miguu haijakataa. Hilo tu."

Kitu kikamchoma Sakeus kifuani. Akadhani ni pilipili ya jana.

"Utafika, mwanangu," akasema. "Sasa, tukigusia malipo ya awali. Ya kushika mahema, na kadhalika."

Meme Rauna akainamisha macho. Akatoa mkobani bahasha ya kaki, nene kama mkate, imefungwa kwa mpira. Sakeus akaona mate yanamjaa.

"Yote yamo humu, Tate. Ila wewe unajua kuliko mimi. Kwetu mtoto hampi baba kitu kabla hajafikishwa. Inakuwa kama kamnunua. Bahasha inakabidhiwa mwisho wa njia, kwa mikono miwili." Akairudisha mkobani.

Hapa msomaji anapaswa kujua aibu kubwa ya Sakeus. Alizaliwa Katutura, akakulia Katutura, na mila za kaskazini alizijua kama mtu anavyojua wimbo wa redioni: kiitikio tu. Kukiri kwamba hajui ni kukiri kwamba hakulelewa. Angeweza kukubali kuitwa mwizi. Kuitwa mtu asiye na kwao, hapana.

"Ndivyo ilivyo," akasema kwa huzuni. "Nilikuwa nakupima."

Ijumaa basi la Cape Town likaondoka na kiti kitupu dirishani. Sakeus alikuwa ameshabadilisha mpango: angeenda nao hadi Henties Bay, na wakishuka kununua mkate, yeye, gari na bahasha wangeendelea bila wao. Ilibidi tu avumilie siku chache za kuwa baba.

Siku hizo hazikuwa chache. Kwetu, alisema Meme Rauna, baba ndiye huonja maji ya kila dumu, na madumu yalikuwa kumi na mawili, yote yalihitaji kuoshwa kwanza. Kwetu baba hufungua hema na kulifunga mara tatu, ili lizoee mkono wake. Kwetu baba huzoesha mabega mapema, kwa hiyo kila alfajiri alipanda kilima nyuma ya shule na mfuko wa mchanga wa kilo ishirini mgongoni, wanawake watatu wakimfuata na vifimbo vyao, wakizungumza habari za shinikizo la damu. Alipendekeza alale kwake. Kwetu, akaambiwa, baba anayesubiri safari hulala kwa bintiye, na viatu vyake binti ndiye huvitunza chini ya kitanda chake.

"Viatu?"

"Tate, hata hilo unanipima?"

Akavua viatu.

"Hilo la viatu mimi sikulijua," Meme Kaino alimnong'oneza Meme Rauna jikoni.

"Hata mimi," alisema Meme Rauna. "Pitisha sukari."

Kibali cha hifadhi Meme Rauna alikwenda kukitafuta mwenyewe. "Baba hapangi foleni," alisema, na Sakeus akaguswa kweli. Kati ya mila zote, hiyo ndiyo aliyoielewa mara moja.

Walifika Henties Bay Jumatatu, saa nane mchana, ukungu wa siku hiyo ukiwa bado umeziba bahari kama pazia. Meme Rauna na Meme Kaino waliingia dukani. Sakeus akabaki nyuma ya usukani. Ufunguo ulikuwa mahali pake, mkoba kwenye kiti cha abiria, na bahasha ikichungulia kwenye mdomo wa mkoba. Akasema maneno mawili ya shukrani kwa yule anayewashughulikia watu wa kazi yake, akawasha gari, akala kona.

Alikuwa amepita nyumba ya mwisho na kushika mwendo mzuri, sauti iliposikika kutoka nyuma, katikati ya mahema.

"Saa nane na dakika kumi na mbili, gari limeondoka," alisema Meme Saima, akiinuka taratibu na alama ya zipu shavuni. Alikuwa amelala, na Sakeus alidhani ameshuka na wenzake. Akavaa miwani, akatoa kalamu. "Tunakwenda wapi, Tate?"

Sakeus akatazama mbele. Mbele palikuwa na mchanga na nguzo za umeme.

"Najaribu breki."

"Zijaribu basi."

Akazijaribu. Madumu kumi na mawili yakaja mbele kwa pamoja.

"Breki nzuri," aliandika Meme Saima. "Geuza."

Kesho yake wakafika kwenye mlango wa hifadhi. Mlinzi mwenye koti la baridi alipokea kibali dirishani, akakisoma akihesabu vichwa.

"Rauna Shivute. Kaino Nekongo. Saima Ashipala. Na kiongozi wa kundi aliye chini ya miaka hamsini, Sakeus Iipinge. Ni wewe?"

Sakeus alisikia jina lake kama mtu anayesikia taarifa ya kifo redioni na kugundua ni chake. Akamtazama Meme Rauna. Meme Rauna alikuwa anafunga kamba za viatu.

"Ndiye," alisema. "Anaona haya tu."

Mlango ukafunguliwa. Gari likasogea mita mia moja, likasimama, na Sakeus akageuka.

"Mmejua tangu lini?"

"Tangu kapana. Nakala ya kitambulisho chako tunayo, imetoka kwa mtu unayemfahamu. Picha ni mbaya lakini kidoti kinaonekana."

"Mkanipigia goti."

"Goti langu ni zima. La Saima ndilo bovu."

"Sasa kwa nini mimi?" Sauti yake ilikuwa imeumia kweli, maana hakuna anayechukia udanganyifu kama mtu wa fani. "Mjini kuna waongozaji wa kweli."

"Wote wametukataa," alisema Meme Rauna. "Fomu ilitaka mtu mmoja mwenye nguvu, chini ya miaka hamsini, aweke jina lake. Nikamwomba mwanangu wa kwanza, akakataa kwa sababu ananipenda. Wa pili akakataa, akalia. Mchungaji akakataa, akaniombea. Watu wema wote, Sakeus, wamenikataza kwa upendo, na mimi nazeeka. Nikakaa nikafikiri. Nikaona nahitaji mtu asiyejali nikifa."

 Upepo ulipiga gari ubavuni.

"Mimi najali," alisema Sakeus, akashangaa.

"Usianze," alisema Meme Kaino.

"Unaweza kurudi," Meme Rauna aliendelea. "Henties Bay kuna kituo cha polisi, Saima atakushusha mlangoni. Au unaweza kubeba maji. Bahasha ni ile ile, na inakabidhiwa pale pale nilipokwambia. Hiyo nakuahidi kama Rauna, si kama binti."

Sakeus akaitazama bahasha. Ilikuwa bado nene kama mkate. Akashuka, akabeba maji.

Kuhusu siku nne zile, yeye mwenyewe baadaye hakupenda kusimulia, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwingiza mjini. Palikuwa na mchanga upande wa kulia, maji upande wa kushoto, na mwanamke wa miaka sitini na tisa mbele, ambaye hakupunguza mwendo. Asubuhi ukungu uliwalowesha, mchana upepo uliwapaka chumvi. Waliruka mifupa ya nyangumi kama watu wanaovuka uzio. Siku ya pili fisi wa kahawia aliwafuata saa nzima, akimtazama Sakeus zaidi kuliko wengine, na Sakeus akajaribu kumbembeleza kwa maneno matamu.

"Unamwambia nini?" aliuliza Meme Kaino.

"Kwamba nyie ndio laini."

Fisi hakununua, akaenda zake kwenye mzoga wa sili.

Siku ya tatu malengelenge ya Meme Rauna yalipasuka. Aliketi kwenye ubao wa meli iliyokufa zamani, akavua soksi, akajifunga bandeji kwa ustadi wa miaka arobaini. Kilomita kumi zilikuwa zimebaki kufikia gari, na kesho yake kumi na mbili nyingine hadi msalaba wa penseli.

"Saima atakuja na gari mpaka hapa nikimfuata," alisema Sakeus. "Tukufikishe kwa matairi. Nani atajua?"

"Mimi."

Akasimama, akayumba. Sakeus akatua maji, akampa bega la kulia, akayaninginiza maji bega la kushoto. Wakaenda hivyo, polepole, na njia nzima hakuna aliyemwita mwenzake baba wala mwanangu. Kama alikuwa anawaza bahasha, basi aliiwaza kwa dakika chache sana, hasa kwenye mchanga laini.

Siku ya nne, ukungu ulipoanza kuinuka, walikiona chuma chekundu cha kutu, mbao zilizonyauka, na mashimo ya chumvi yaliyojaa upepo. Meme Saima alikuwa amefika kabla yao, chai iko tayari. Meme Rauna hakuigusa. Akavua viatu na bandeji, akaingia majini hadi vifundoni. Wimbi lilivuta, likakaa, likasukuma. Likavuta tena.

Alisikiliza kwa muda mrefu.

"Tate Immanuel," alisema hatimaye, si kwa sauti kubwa. "Ni kweli. Inapumua."

Meme Kaino hakucheka. Meme Saima alifunika kalamu.

Sakeus alisimama nyuma yake na madumu mabegani, hajui pa kuweka uso. Alingoja mpaka mwanamke alipojifuta macho na kugeuka.

"Immanuel?"

"Immanuel Shivute. Baba yangu."

"Na Vilho?"

"Vilho alikuwa punda wetu," alisema Meme Rauna. "Punda mzuri sana. Mvivu, mwongo, alijifanya mgonjwa kila Jumatatu. Lakini ukishampakia, hakumwaga hata tone." Akamgusa bega kidogo, pale kamba ilipokuwa imechubua. "Sikukuita jina baya."

Kisha akafungua mkoba, akatoa bahasha, akampa kwa mikono miwili, akipinda na goti kidogo, kwa heshima isiyo na mzaha wowote. Sakeus akaipokea. Vidole vyake, ambavyo viliwahi kufungua bahasha nyingi za watu wengine bila aibu, vilihangaika na ule mpira.

Ndani mlikuwa na mkate. Kipande kikavu, kimefungwa kwa uangalifu katika gazeti, kwa ajili ya unene. Na juu ya mkate, karatasi moja iliyokunjwa: hati ya kiwanja nje kidogo ya Okahandja, chenye mwonekano wa mto, ikiwa na muhuri alioutengeneza Sakeus mwenyewe kwa kiazi, pamoja na nakala ya kitambulisho chake, ambayo mnunuzi mmoja aliwahi kumlazimisha aitoe.

"Shemeji yangu alikinunua," alisema Meme Rauna. "Alikwenda na mafundi wachimbe msingi. Wakakuta wenyeji wa pale wamelala tayari, kila mmoja na msalaba wake. Sasa ni mali yako. Tumeandika upande wa nyuma kwamba umehamishiwa."

Sakeus alisoma mbele, akasoma nyuma. Kazi safi. Hata yeye angekinunua. Alifungua mdomo apige domo, lile lililomtoa kwenye matatizo katika mitaa minne ya Windhoek, na mdomo ukatoa kicheko, kikubwa, kibaya, kisichouzika. Meme Kaino akakidaka, na baada yake hakukuwa na mtu aliyeweza kunywa chai vizuri.

"Kula basi mkate," alisema Meme Saima, akipangusa miwani. "Na utie saini hapa, kwamba umepokea malipo yote."

Akashika kalamu. Aliandika S, akasimama. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu mkono ule uandike jina lake mwenyewe, na ilimbidi aitoe nakala ya kitambulisho kwenye bahasha, aangalie, aendelee.